Damu ya Mzee, Damu ya Kijana

Ukimuuliza muuza kabro yeyote kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi ana rangi ngapi, atakujibu bila kufikiri: nyekundu, kijivu, nyeusi na manjano. Nne, basi. Mimi uani kwangu Mtwapa nina nyekundu peke yake, na tayari nina mbili. Zote zilitoka uwanja mmoja wa kufyatulia, zote ziliandikwa "nyekundu" kwenye risiti, zote zina unene wa milimita 60, na tangu zilazwe pamoja hazijawahi kusalimiana.

Chanzo ni karo. Sisi watu wa mshahara nyumba hatuijengi, tunaiongeza. Awamu ya kwanza ya kabro ililipwa na zamu ya mama watoto kwenye chama. Ikatoka kwenye baraza la jikoni, ikapita tangi la maji, ikafika chini ya mwembe, kisha Januari ikaingia na barua za shule mkononi. Nusu ya pili ya uwanja ikabaki mchanga. Tuliizoea. Kuku waliipenda hasa.

Fedha ziliporudi nilikwenda palepale, kwa mtu yuleyule, nikataka kitu kilekile. Sijui binadamu angefanya nini zaidi ya hapo. Mzigo ulifika baada ya magharibi, watu wa mkono wakashusha kwa mwanga wa tochi za simu. Asubuhi fundi akavuta uzi, akaweka leveli, akaanza kulaza. Sasa, kabro inapolazwa haina rangi. Chini imelalia vumbi la mtambo, juu imemwagiwa vumbi jingine ili lifagiliwe liingie kwenye viungo, halafu kompakta inapita ikitetemesha mpaka vikombe kabatini. Kwa muda wote huo uwanja wangu ulikuwa na rangi moja, ya vumbi, na ulipendeza. Fundi akapiga picha akaweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Kisha mtu akafungua mpira wa maji.

Mama watoto alikuwa barazani anachambua mchicha. Akanyanyua kichwa.

"Baba watoto, hii nini?"

"Kabro."

"Kabro naijua. Nauliza hii ya upande huu."

Fundi akaingilia kati kabla sijajichimbia kaburi. "Ni maji hayo, mama. Zikikauka zitafanana."

Zikakauka, na zikazidi kuachana. Upande wa mwembe ulikuwa damu ya mzee kabisa, ile nzito ya kahawia inayoheshimika. Upande wa pili ulikuwa mwekundu wa kuchangamka, unaoelekea kwenye chungwa. Mpaka kati yao ulikuwa mstari mnyoofu, maana fundi wangu kwenye kunyoosha hana mpinzani.

"Hii nayo itazeeka, mama," fundi akasema, akikusanya uzi wake. "Hakuna damu isiyozeeka."

Nilimpenda kwa jibu hilo, lakini kesho yake nilichukua kabro moja ya kila upande, nikazipakia kwenye tuktuk na kuzirudisha kwao. Muuzaji akaziinua moja moja mbele ya jua.

"Mzee wangu, hii ni nyekundu."

"Na hii?"

"Hii pia nyekundu."

"Ziweke pamoja."

Akaziweka pamoja. Akatazama. Akazitenganisha, akairudia moja, akaipangusa kwa kiganja. "Hii," akasema, "ni ya kaskazi. Ile uliyochukua juzi ni ya masika."

Nilidhani ananichezea, lakini alikuwa anasema kweli, na alinionyesha mambo yanavyokwenda pale uwanjani. Wekundu wa kabro ni unga wa oksaidi ya chuma, ndugu yake kutu, unaokorogwa pamoja na saruji, mchanga na vumbi la mtambo. Unga huo hutakiwa upimwe kwa uzito wa saruji. Kilo 3 hadi 6 kwa kila kilo 100 hivi ndicho kipimo cha kawaida. Pale ulipimwa kwa kopo lililowahi kuwa la mafuta ya kupikia, na kopo lilishikwa na kijana ambaye mkono wake wa asubuhi si mkono wake wa saa tisa kabla ya chakula. Hapo tayari una nyekundu mbili. Ongeza maji. Mkorogo ukiwa majimaji, kabro ikikauka hutoka imefifia. Mkorogo mkavu hutoka umekolea. Wakati wa masika mchanga unaletwa umelowa, na kijana hupima maji kana kwamba ni mkavu. Halafu mchanga wenyewe: wa mtoni una rangi yake, wa shimoni una yake. Halafu saruji: ya mfuko huu ni kijivu cha mwanga, ya mfuko ule ni kijivu cha jioni, kutegemea udongo uliochomwa kiwandani na majivu yaliyochanganywa humo. Na mwisho umri. Kabro mpya imevaa utando mwembamba wa saruji iliyotiwa rangi. Mvua na nyayo zikishaula utando huo, kinachoonekana ni chembe za mchanga wa ndani, nazo hazikuulizwa kama zinataka kuwa nyekundu.

Kwa hiyo washukiwa ni watano, na kila mmoja ana shahidi wa kumtoa.

Nitasema kitu kimoja cha kuitetea biashara hii: saruji ilianza maisha yake kwa madai ya kufanana rangi. Mwaka 1824 fundi matofali wa Leeds, Uingereza, Joseph Aspdin, alipojipatia hataza ya unga wake, aliuita saruji ya Portland, kwa kuwa eti ukishaganda unafanana na jiwe la Portland linalochimbwa kusini mwa nchi hiyo. Nimeona picha za jiwe hilo. Ni jeupe, zuri, lina utulivu. Nimeona pia nguzo yangu ya geti. Basi tangu siku ya kwanza kuna mtu aliyemwambia mteja, "Zikikauka zitafanana."

Wageni wakaanza kuja, na kila mgeni alikuwa na elimu. Jirani wa mkono wa kulia alisema tumwage chai ya rangi upande mpya, iliyokolea, kila jioni. Jirani wa kushoto alitaka oili chafu ya gari. Alisema alipaka milango ya zizi la mbuzi kwao na hadi leo mchwa wanapita mbali. Kijana wangu mkubwa, anayesoma chuo, alisema tununue rangi ya kabro tupake zote. Ipo kweli, na ni nzuri mpaka gari ligeuze gurudumu juu yake ile wiki ya kwanza. Hapo utakuwa na nyekundu mbili na alama za tairi. Mtu wa mkono alipendekeza tuweke zulia.

Kisha akaja Shangazi. Shangazi hukaa Malindi, na huja kwetu kukagua. Nilimpokea begi, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yameshafika mwembeni.

"Mwanangu, kanzu nyeupe ukaitia kiraka cheusi, watu watasema ni mshono mpya," akasema. "Ukaitia kiraka cheupe ambacho si weupe wake, watasema umefiwa na mke."

Mama watoto alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi sikucheka, kwa sababu lile ndilo neno pekee la maana nililolisikia katika mkasa mzima. Shida ya kabro zangu haikuwa kutofautiana. Shida ilikuwa kukaribia kufanana. Kama nusu ya pili ingekuwa nyeusi tititi, pasingekuwa na maswali. Mtu angesema hapa ni pa kukaa na pale ni pa gari. Lakini zikikaribiana na zisifikiane, kila jicho linaona jaribio, na jaribio lililoshindwa huvutia ushauri.

Mvua zilipokolea ikaja balaa nyingine. Upande mpya ukaota unga mweupe. Asubuhi unaufagia, jioni umerudi. Jirani wa kulia akasema ni chumvi ya bahari, na kwa kuwa bahari iko karibu nilitaka kumwamini. Fundi alisema saruji inatoka jasho, na fundi alikuwa karibu zaidi na ukweli. Ndani ya saruji mpya kuna chokaa inayoyeyuka majini. Maji yakipanda juu kupitia vitundu vya kabro huibeba, yakikauka huiacha pale usoni, nayo ikikutana na kaboni dioksaidi ya hewani hugeuka kuwa kalsiamu kaboneti, weupe usioyeyuka kwa urahisi. Haina madhara, na kwa kawaida huondoka yenyewe mvua na nyayo zikiishughulikia. Lakini "itaondoka yenyewe" si sentensi unayoweza kumwambia mtu anayekaribia kupokea wageni wa posa.

Ndipo akatokea kijana wa kuosha. Alikuja na jerikeni ya asidi, glovu za mpira, na picha za kabla na baada ambazo nashuku zilikuwa za nyumba mbili tofauti. Nilimruhusu ajaribu pembeni, nyuma ya tangi, kabro chache tu. Asidi ilichemka, weupe ukaondoka, na pamoja nao ukaondoka ule utando wa juu wa saruji wenye rangi. Zile kabro zikabaki na uso wa chenga chenga, rangi ya mchanga uliopauka. Nikawa na ya tatu. Alipokuwa anajiondoa, jerikeni ikagonga ukuta na tone likaruka juu ya jiwe.

Ukuta wangu ni wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa mwili mzima. Lile tone likatua kwenye jiwe jeusi, likatoa povu jeupe kwa sauti ndogo ya kukaanga, likashuka taratibu kama upana wa vidole viwili, likakata. Palipokuwa povu pakabaki doa la rangi ya maziwa, safi kuliko kitu chochote katika kiwanja hiki, likiwamo shati langu. Kijana akalitazama, akanitazama. "Boss," akasema, "naweza kuosha ukuta wote ufanane na hapo."

Nilimlipa nauli akaenda zake.

Na kwa kuwa nimeutaja ukuta, niseme basi yaliyo ndani yake. Nusu yake ilijengwa na baba mkwe zamani, kwa mawe ya kukatwa ya timbo. Nusu nyingine tuliiongeza sisi tulipomaliza mpaka na jirani, kwa mawe hayohayo, pengine kutoka timbo hilohilo. Ni jiwe moja. Lakini tumbawe likitoka timboni ni jeupe lenye manjano kidogo, na likishanyeshewa misimu kadhaa huingia kuvu na mwani likageuka kijivu, kisha jeusi la michirizi. Kwa hiyo upande wa baba mkwe ni mweusi wenye heshima na upande wangu ni mweupe wa aibu, na kila anayeingia hujua palipoanzia mkwe na palipoanzia mimi. Nililalamika kwa Shangazi, akaniuliza kama nimewahi kufika Fort Jesus. Ngome ile Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, nayo imelikalia jabali la matumbawe. Kuta zake zina mabaka kila mahali: njano iliyoungua hapa, weusi pale, kiraka cha plasta kisichofanana na jirani yake. Hakuna anayeomba radhi. Watu wanalipa kiingilio.

Mji wenyewe umejaribu kufananisha na umeshindwa kwa ukubwa kuliko mimi. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe, na madirisha na kingo zake samawati, ile waliyoiita samawati ya Kimisri. Agizo lilikuwa moja na samawati ilitajwa kwa jina. Nenda Moi Avenue siku yenye jua uangalie juu. Kuna samawati ya sare za shule, kuna samawati ya boti, kuna moja inayoelekea zambarau, na kuna ambayo jua limeshaila ikabaki kumbukumbu. Hata weupe si mmoja. Waliotii, kila mmoja alitii kwa ndoo yake. Ukinunua ndoo mbili za lita 20 zenye jina moja lakini zilizokorogwa tarehe tofauti, mafundi wa rangi wenye akili huzimimina kwenye pipa moja wakazichanganya kabla hawajagusa ukuta. Wasio na akili huanza na moja, ikiisha wanafungua ya pili, na ikiishia katikati ya ukuta wa sebule unaipata zawadi ya kudumu.

Nilifikia mahali nikasoma. Mtu akisumbuliwa sana na kabro husoma. Nikamkuta mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia idara ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Alikuwa akiletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Akazipima, akakuta weusi hauna kasoro. Kilichouharibu ni rangi zilizofumwa kando yake. Jicho halioni rangi peke yake, linaona rangi na jirani yake. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Aliishi miaka 102, bila shaka kwa sababu hakuwahi kulaza kabro.

Nilipomaliza kusoma nilitoka nje kumtazama jirani wa kushoto, au tuseme ukuta wake, ambao ni wa kijani. Si kijani cha majani. Ni kile cha duka la miamala ya simu. Kwa mujibu wa Chevreul, wekundu ukikaa kando ya kijani huzidi kuwaka. Kabro zangu za mwisho, zile zilizopakana na ukuta wa jirani, ndizo zilizokuwa zinaonekana chungwa kuliko zote. Nikaleta shuka jeupe, tukaliningʼiniza kwenye kamba ya nguo kuuficha ukuta, na uwongo mbaya, kabro zikapoa. Si sana, ila zikapoa. Jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza kama tuna msiba.

Suluhisho halikutoka Paris. Lilitoka kwa fundi, siku aliyokuja kudai salio lake. Alikaa chini ya mwembe, akanywa maji, akauangalia ule mstari wake mnyoofu kwa muda.

"Mzee, tuzichanganye."

"Zipi?"

"Zote. Tungoe za hapa tupeleke kule, za kule tulete hapa. Ovyo ovyo."

Na hapo akaniambia, kwa uso mkavu, kwamba kiwandani kwenyewe hushauri kabro zichukuliwe kutoka mafungu matatu kwa mpigo, ili tofauti zitawanyike zisikae kundi moja. Alilijua hilo tangu mwanzo. Sikumuuliza kwa nini hakulisema. Salio lilikuwa bado mfukoni mwangu na sote wawili tulilijua hilo pia.

Uzuri wa kabro ni kwamba haikugandishwa na kitu. Imekaa juu ya vumbi, imebanwa na wenzake, basi. Ukiitoa ya kwanza kwa bisibisi, zinazofuata zinakuja kwa mkono. Za kwangu ni za mstatili, sentimita 20 kwa 10, ambazo huingia 50 katika kila mita ya mraba, kwa hiyo mikono ilifanya kazi. Zile za mwembeni zilipogeuzwa, tumboni zilikuwa na rangi ambayo haikuwa ya mzee wala ya kijana. Mama watoto akaokota moja, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akasema, "Kumbe zilikuwa hivi," na akaikalisha kando ya mpya. Nayo haikufanana nayo. Tungeweza kuzilaza kifudifudi, ila upande wa juu ndio wenye kingo zilizochongwa, na wa chini ukigeuzwa juu kila kidole cha mguu kitalipa.

Zikachanganywa. Fundi alipata taabu kubwa hapa, maana mkono uliozoea mpango haujui ovyo. Kila baada ya mistari michache alijikuta ameweka moja mzee, moja kijana, moja mzee, moja kijana, sawasawa kabisa, ikabidi tumwite mtoto wa darasa la pili awe anampa bila kutazama. Zile tatu nne za asidi tukazitupia katikati. Kompakta ikapita, maji yakamwagwa.

Ilipendeza. Sina namna nyingine ya kusema. Wageni wa posa walipokuja, mzee wao alisimama uwanjani akauliza fundi wetu alisomea wapi dizaini. Fundi, aliyealikwa kwa ajili ya pilau, akajibu kwamba ni mtindo unaotaka utulivu wa moyo. Wiki hiyohiyo jirani wa kushoto, mwenye ukuta wa kijani, akaenda kwa muuzaji akataka nyekundu mbili zisizofanana. Akaambiwa hizo zipo, zinaitwa mchanganyiko, na bei yake iko juu kidogo.

Ukuta sijaugusa. Mwandishi mmoja wa bustani alinishauri nipake maziwa ya mgando ili kuvu ishike upesi, lakini kwetu maziwa ya mgando yana kazi yake na wali. Mvua za misimu michache zitafanya kazi hiyo bure.

Kwako wewe unayetaka kuanza mwaka huu: nunua zote siku moja, na kama mfuko hautoshi, maliza eneo dogo mpaka kwenye ukingo unaoeleweka, mlangoni au kwenye mfereji, usiishie katikati ya uwanja. Zipokee mchana, zimwagie maji kabla hazijalazwa, na umkumbushe fundi habari ya mafungu matatu kabla hajavuta uzi. Weka kabro za akiba nyuma ya tangi, zifunike kwa gunia, na usimwambie jirani kuwa unazo.